MJADALA: Foleni ya milango miwili, ule mlango wa mbele tuufunge ama tuuache wazi?

Mwenye mada (Tudor)

Jamani waandishi wa programu wa hapa Mombasa, na nyinyi mnaozitumia hizo programu bila kujua ndani mna nini, nataka tuliongee hili jambo mpaka tulimalize, manake kwenye meza ya chai twabishana kila siku na kila mtu ashika lake. Swali ni hili: hizi programu za kuhudumia watu, ile foleni ya ndani inayochotwa kwa pamoja na thredi nyingi, yaani vile vijikazi vya programu vinavyotembea sambamba, iwe ya kawaida, watu waingia nyuma watokea mbele, ama tutumie deki, yaani foleni yenye milango miwili, unaweza kuweka kitu nyuma, unaweza kukiweka mbele, na kutoa utoe upande wowote unaotaka? Msimamo wangu nausema mapema kabisa: kwa maombi ya watu, mlango wa mbele ufungwe.

Sababu nimeipata kwa machungu. Nilipewa kazi na ofisi moja ya vifurushi pale Mwembe Tayari, mzigo ukifika mwenyewe atumiwe meseji "mzigo wako umefika, njoo na kitambulisho". Nikaweka thredi 4, zote zachota kwa deki moja ya lugha ya Python. Meseji mpya zaingia nyuma, thredi zachota mbele. Sasa meseji ikikataa kwenda nikasema huyu mtu ashangoja zamu yake, si haki kumrudisha mkiani, basi nikawa nairudisha mbele ijaribiwe tena. Nia ilikuwa nzuri wallahi.

Siku hiyo karani akakosea nambari ya mteja, akaandika tarakimu 9 badala ya 10. Meseji ikakataa ikarudi mbele, ikachotwa, ikakataa, ikarudi mbele. Hakuna aliyehisi kitu kwa sababu thredi 3 zingine zaendelea na kazi, kasi tu ndo ilishuka kidogo. Kufika saa tano nambari mbovu zikawa 2, baada ya adhuhuri 3, na ilipoingia ya 4 ikawa kila thredi imeshika mbovu yake, yaitupa mbele, yaiokota, yaitupa tena, na nyuma yao zimejaa meseji za watu wenye nambari sahihi ambao hawajakosea chochote. Seva yaonekana iko hai, prosesa yafanya kazi kwelikweli, hakuna kilichoanguka. Jioni akaja mama mmoja mwenyewe kuuliza nguo za harusi ya bintiye, akakuta kifurushi chake kiko kwa rafu tangu saa saba. Harusi ilikuwa kesho yake, angekosa kuja ingekuwaje?

Deki yenyewe haikuharibika, hata chembe. Deki ya Python ilikuja na toleo la 2.4 mwaka 2004 na maelezo yake rasmi yasema kuweka na kutoa pande zote mbili ni salama kwa thredi, yaani thredi nyingi zikiigusa kwa pamoja haiharibiki, na kweli ilikuwa salama, hakuna meseji iliyopotea wala kutumwa mara mbili. Kilichoharibika ni zamu. Na usalama wa thredi haujui zamu ni nini. Nyinyi mwaonaje?

Wa Likoni

Pole kaka lakini mimi sikubaliani na wewe. Natengeneza mfumo wa zahanati, mgonjwa akifika jina laingia foleni ya daktari. Sasa akiletwa mama mjamzito anavuja damu nimwambie ashike mkia nyuma ya wenye mafua? Sisi wa Likoni tunajua foleni kuliko mtu yeyote, na hata pale feri ambulansi ikija magari yanapisha, hakuna anayelalamika. Wewe ulirudisha mbele kitu kibovu, hilo ni kosa lako la kutohesabu mara ngapi kimejaribiwa, usiusingizie mlango. Ungeweka hesabu, ikikataa mara 3 itolewe iwekwe kando mtu aiangalie, basi yote hayo yasingetokea.

Mwenye mada (Tudor)

Hesabu kweli nilikosa na sasa ipo, mara 3 kisha kando, nakubali. Lakini hebu fikiria hiyo ambulansi yako. Pale feri yapishwa kwa sababu ni moja moja, na kuna mtu amesimama anaiona kwa macho. Deki haimwoni mtu. Siku karani wako akigundua kwamba kile kitufe cha dharura chamtoa mtu upesi, basi na shemeji yake ni dharura, na mwenye duka jirani ni dharura. Na kuna jambo lingine watu hawalioni: ukiweka dharura mbele na dharura nyingine mbele yake, ile ya mwisho kufika ndo yatolewa kwanza! Yule mama aliyefika wa kwanza anavuja damu asukumwa nyuma na kila anayefika baada yake. Huo mlango wa mbele ukiuingizia na kuutolea papohapo si foleni tena, ni rundo la sahani, ya juu ndo yaoshwa na ya chini haifikiwi.

Wa Likoni

Hapo kwa rundo la sahani umenishika, sikuwa nimeliwaza. Naenda kuangalia msimbo wangu usiku huu huu.

Wa Kisauni

Samahanini wakubwa zangu, mimi bado mwanafunzi. Nimesoma kwamba deki ya Python ni salama kwa thredi kwa hivo sikuweka kufuli popote, ile ya kuzuia thredi mbili zisiingie pamoja, nauliza tu kwanza kama ina kitu, ikiwa ina kitu natoa. Mbona programu yaanguka kama mara moja kwa siku yaniambia deki ni tupu wakati nimeshauliza? Kwa laptop yangu haianguki kamwe, kwa seva ndo yaanguka.

Wa Changamwe

Mdogo wangu sikiza nikueleze manake hili ndo limewamaliza wengi. Wewe umefunua kapu ukaona limebaki hamri moja, ukageuka kuchukua kikombe, kurudi mwenzio ashalila. Kuangalia kulikuwa salama, kuchukua kulikuwa salama, lakini kati ya kuangalia na kuchukua hakukuwa na mlinzi. Maelezo yakisema salama yamaanisha kila kitendo peke yake, hayamaanishi vitendo viwili ulivyovifunga pamoja kichwani mwako. Kwa laptop nafasi ya mwenzio kupita hapo katikati ni ndogo na kazi yenyewe ni chache, kwa seva yenye kazi nyingi lazima siku moja apite.

Kwa hivo usiulize. Toa moja kwa moja, ukikuta tupu ushughulikie hiyo hitilafu. Ama bora zaidi tumia ile Queue ya Python, ambayo ndani yake ni deki hiyohiyo imezungushiwa kufuli pamoja na kengele ya kuamsha thredi zinazongoja, ukiomba kitu na hakuna basi thredi yako yalala mpaka kije, haizunguki bure ikichoma prosesa.

Sasa nirudi kwa mada. Mimi naandika Java na nimeumwa na mlango wa mbele kwa njia nyingine kabisa. Tulitumia LinkedBlockingDeque, deki ya Java inayoweza kuingojesha thredi ikijaa au ikiwa tupu, na kama hukuitajia ukomo yenyewe yachukua ukomo wa 2,147,483,647, yaani seva yako itakufa kwa kujaa memori kabla hujaufikia. Tukaweka ukomo wa 1,000 tukaona tumefanya la maana. Thredi zachota, kazi ikishindikana zairudisha mbele, zikikuta pamejaa zangoja nafasi. Siku kazi zilipokuwa nyingi foleni ikajaa pomoni, thredi zote zikawa zimeshika kazi zilizoshindikana zataka kuzirudisha, zangoja nafasi, na wa kutoa ili nafasi ipatikane ni nani? Ni haohao waliosimama mlangoni. Kimya. Wangeweza kusimama pale mpaka leo. Mchotaji kurudisha kitu kwenye foleni ileile anayochota na huku amekubali kungoja, hilo mimi kwa timu yangu nimelikataza, iwe mbele iwe nyuma.

Na bei pia mjue. LinkedBlockingQueue ya mlango mmoja mmoja ina kufuli mbili, moja ya kuingilia moja ya kutokea, anayeweka hamsumbui anayetoa. Ile deki ina kufuli moja tu kwa pande zote. Mlango wa ziada usioutumia unaulipia kila siku.

Wa Mtwapa

Nimewasoma wote na naona mwazungumza kama vile deki iliundwa ili watu warukiane foleni. Mwaisingizia bure. Kazi yake kubwa kwenye thredi ni ule wizi wa kazi, yaani thredi iliyoishiwa kuchukua kazi kwa mwenzie, na hapo hakuna foleni ya kawaida itakayoishinda.

Chukueni mafundi cherehani 4 kwenye duka moja, kila fundi ana rundo lake la vitambaa. Fundi mwenyewe aweka juu na kuchukua juu, kitambaa alichokishika sasa hivi bado kiko mkononi na vipimo anavikumbuka. Akiishiwa haendi kumsumbua mwenzie pale juu anapofanyia kazi, avuta cha chini kabisa kwenye rundo la mwenzie. Kwa hivo wawili wagongana tu pale kitambaa kikibaki kimoja. Na kazi zinazogawanywa vipandevipande, ile ya chini kabisa ndo ya zamani na kwa kawaida ndo kubwa, mwizi akiichukua moja atakaa nayo muda mrefu, hatarudi kuiba kila dakika. Huo ndo uzuri wa milango miwili, mmoja wa mwenye rundo na mmoja wa wageni. Java wameutumia kwenye ForkJoinPool, lile kundi lake la thredi za kugawana kazi, tangu toleo la 7 mwaka 2011, na waandishi wa lugha ya Go hata kama hamjui, mratibu wa Go anayezigawia thredi kazi naye huiba kazi pia.

Ila mambo ya kuiandika wenyewe hiyo deki isiyo na kufuli, nawasihi, msijaribu. Watafiti Chase na Lev walichapisha ya kwao mwaka 2005, mwaka 2013 watafiti wengine wakaiandika upya kwa C11, lugha ya C ya kiwango cha 2011, ili ifae prosesa kama za ARM ambazo zaweza kupanga upya kusoma na kuandika memori, wakaipitia kwa makini na hoja za kihisabati, na mwaka huohuo chombo cha ukaguzi kikapata kosa ndani ya msimbo uliochapishwa. Hao ni mabingwa. Wewe utaiandika Ijumaa jioni ikufae Jumatatu?

Mwenye mada (Tudor)

Wa Mtwapa nakushukuru sana, na wala hujanipinga. Kitambaa hakina haki, hakina mama anayengoja. Vipande vya hesabu vikitangulia au vikichelewa hakuna anayeumia mradi vyote viishe. Huko deki iwe na milango hata mitatu mimi sina neno. Mimi nasemea foleni ambayo kila kitu ndani yake ni mtu aliyefika saa fulani na amejiweka kwenye mstari akituamini. Hapo ukiacha mlango wa mbele wazi kwenye msimbo, atakuja kijana mwingine baada yako, atauona upo, atautumia. Ile kazi ya vifurushi sikuandikiwa na yeyote nirudishe mbele, niliuona mlango upo nikaupitia.

Wa Likoni

Nimerudi. Nimeangalia na ni kweli, dharura zangu zilikuwa zajipanga kinyume, ya mwisho mbele. Zahanati ni ndogo, dharura mbili kwa wakati mmoja hazijatokea bado, alhamdulillahi. Sasa nimeweka foleni mbili za kawaida, ya dharura na ya wengine, mwito wa daktari waangalia ya dharura kwanza. Mlango wa mbele nimeuondoa. Lakini bado sikubali kwamba nimekubali, manake mgonjwa wa dharura bado amtangulia mwenye mafua.

Wa Changamwe

Sawa, na mwenye mafua akikaa tangu asubuhi kwa sababu dharura haziishi? Kwa mambo ya mizigo sisi twaruhusu 4 za haraka kisha lazima 1 ya kawaida ipite, ndipo tuendelee.

Wa Likoni

Dadangu, mizigo yangoja. Sitamwambia mtu anayevuja damu kwamba zamu hii ni ya mafua kwa sababu hesabu imefika 4. Hapo sitoki.

Mwenye mada (Tudor)

Na mimi hapo sikutoi, kwa zahanati uko sawa. Ninachotaka ni kwamba kila anayetiwa kwenye foleni ya dharura iandikwe nani amemtia na saa ngapi, na iwe mahali ambapo mkubwa wa zahanati aiona kila jioni. Ukiweza hilo nakuunga mkono.

Wa Kisauni

Nimeondoa lile swali la kuuliza kama ina kitu, nimehamia kwa Queue. Sasa nina swali lingine: hii Python 3.13 ya 2024 iliyokuja na toleo la majaribio lisilo na ile kufuli kuu inayoruhusu thredi moja tu kutembea kwa wakati mmoja, msimbo wangu wa zamani utakuwa salama?

Wa Changamwe

Deki yenyewe wameilinda. Yale mambo ya kuangalia kisha kuchukua ndo yataanguka mara nyingi zaidi, manake sasa thredi zatembea pamoja kwelikweli. Pitia kila mahali ulipoandika "kama kuna" halafu "chukua", na kila mahali unapozunguka ndani ya deki huku thredi nyingine yaongeza, hiyo hata Python ya kawaida yaikataa. Ukimaliza uilete hapa tuitazame pamoja.