Kidole kimeoza kwa kisukari: tusubiri hela ya korosho?

Mwana Tandahimba: Wakuu, naomba ushauri. Mzee ana miaka 61, ana kisukari cha muda mrefu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimekuwa cheusi, kinatoa majimaji na harufu, ila anasema hakiumi. Daktari kasema kikatwe. Ndugu wanataka tusubiri minada ya korosho ianze Oktoba. Tukichelewa, gharama zikoje?

Nesi wa vidonda: Msisubiri hata wiki. Kutouma si dalili njema, ni ganzi ya mishipa ya fahamu. Kidole cheusi kikavu kinaweza kupangiwa siku. Chenye majimaji kinasambaza usaha kwenye unyayo kwa kufuata kano, na mguu mzima unaweza kupotea ndani ya siku chache. Mpelekeni Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Mtwara, leo. Akipata homa au wekundu ukivuka sentimita 2 kuzunguka kidonda, msingoje kukuche.

Kabla ya kusaini muulizeni daktari: mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo yanasikika? Kifaa cha chuma kikiingizwa kidondani kinagusa mfupa? Damu isipofika, jeraha halifungi na atarudi theatre kukatwa juu zaidi. Mfupa uliooza usipoondolewa, antibayotiki ni wiki 6 hivi.

Fundi viungo bandia: Kwenye hela, wengi huhesabu bili ya theatre tu. Akikatwa chini ya goti, ongeza damu, kitanda, chakula cha anayemuuguza, magongo, kisha mguu bandia. Kisiki, yaani sehemu ya mguu inayobaki, husinyaa, kwa hiyo kikombe cha mguu bandia kinachovalishwa kisiki mara nyingi hubadilishwa ndani ya mwaka wa kwanza. Rufaa ikiwa ya Dar, ni zaidi ya kilomita 550 kwenda tu, nauli za watu wawili. Goti nalo likiondoka, kutembea kunamaliza nguvu kiasi kwamba wazee wengi huuacha mguu bandia uvunguni. Kopeni, akatwe kidole sasa.

Mwana Tandahimba: Nimeelewa, anapelekwa leo. Kuna jirani anamwekea majivu na kumlowesha mguu kwenye maji ya moto. Na akirudi nyumbani tufanyeje?

Nesi wa vidonda: Yote mawili yakome. Majivu yanachafua kidonda na kuficha usaha, maji ya moto yanamuunguza bila yeye kusikia. Akirudi, jeraha lisafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, shashi safi, bandeji isiyobana. Kinachowashinda wengi ni kutokanyaga: kila hatua inachana nyama changa, hivyo atumie magongo hata kwenda chooni.

Mguu wa kushoto msiusahau. Kati ya miguu 100 inayokatwa kwa kisukari, takriban 85 ilianza na kidonda. Kila jioni mtazameni unyayo na katikati ya vidole, mkaushe. Mafuta yapakwe kisigino, si katikati ya vidole. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Shambani kandambili hazifai, na kwenye kubangua korosho asikae peku, maana mafuta ya ganda yanababua ngozi na mguu wenye ganzi haumwambii. Lengelenge likitoka asilitumbue, aje kliniki siku hiyohiyo.