Waitaliano wanataka kuwaletea watoto wetu viziwi mashine za kusikia, tuwaombe nini haswa?

MamaOmari_Mld:
Asalaam aleikum wapendwa. Niko hapa Malindi, kijana wangu yuko kitengo cha viziwi shule ya msingi na mimi niko kwenye kamati ya wazazi. Sasa kuna Waitaliano wana nyumba upande wa Casuarina, wanasema chama chao huko kwao kitaleta mashine za kusikia za watoto wote, wanataka barua tu ya mahitaji. Wenzangu wanasema tusiulize ulize tutaharibu riziki, lakini mimi roho inasita maana walikuja wengine zamani wakagawa wakapiga picha wakaenda zao, na zile mashine mpaka leo ziko kabatini kwa mwalimu.

Ticha_Kilifi:
Waaleikum salaam Mama Omari. Ziko kabatini kwa sababu ya betri, si ndio? Zile za kidonge, mashine yenye nguvu inakula namba 675 na ikivaliwa siku nzima wiki moja mbili kwisha, nani ananunua? Halafu ile moldi inayoingia sikioni inatengenezwa kwa kipimo cha sikio la mtoto mwenyewe, akikua haimkai, inaanza kupiga filimbi darasa zima, mtoto mwenyewe haisikii ila mwalimu kichwa kinamuuma anaizima. Na joto letu hili la pwani, jasho na unyevu vinaua mashine haraka. Sisi tunazilaza usiku kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Kwanza kabisa watoto wapimwe kituo cha EARC, kile cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, usikubali mashine ya mtu asiyepimwa.

Kijana_wa_Langoni:
Ticha nakuheshimu ila mnazungumzia mashine tu. Dada yangu hapa Lamu alipata homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, kusikia kukaisha kabisa, umvalishe mashine hata mbili hapati kitu. Kilichomtoa ni lugha ya ishara, tena aliipata amechelewa kwa sababu nyumbani hakuna aliyeijua, tulikuwa tunaelekezana kwa vidole tu. Katiba ya 2010 imeitambua, hata bungeni ni lugha rasmi, na shuleni mtoto kiziwi anaweza kuisoma badala ya Kiswahili, lakini mama mzazi hajui kumuuliza mwanawe tumbo linauma wapi! Ombeni mwalimu kiziwi wa kufundisha wazazi na matroni jioni. Na awe wa ishara za Kenya jamani, si mtu wa kujitolea aje na za Kimarekani, ni lugha nyingine kabisa hiyo.

pwani_raha:
Mzungu hatoi hela ya mshahara ndugu zangu, anataka kitu cha kubandika jina 😂

Ticha_Kilifi:
Si wote. Chuo cha KISE cha 1986 kinachosomesha walimu wa elimu maalum kilisimama kwa mkono wa Wadenishi, na hivi vituo vya EARC pia. Wakieleweshwa wanatoa. Na Langoni uko sawa, mimi nilijibu la mashine kwa sababu ndilo lililoulizwa.

MamaOmari_Mld:
Shukran sana. Basi barua naiandika hivi: vipimo kwanza, mashine kwa wale zitakaowafaa tu, betri na moldi za miaka 3 ziwe ndani ya bajeti, na mwalimu wa ishara kwa wazazi. Wakikataa la mwalimu tutachanga wenyewe kidogo kidogo, mimi niko tayari. Ticha, moldi mnapimiwa Kilifi hapo hapo ama mpaka Mombasa? Nauli ya watoto nayo niiweke.