Kuiga mbu kupima sukari: kifaa kipi kijengwe kwanza?

Kihisi_Kidogo: Wakuu, nalinganisha njia tatu za kupima sukari ya damu: kifaa kinachovaliwa mkononi kama saa na kudunga chenyewe, sindano yenye meno inayotetemeka, na kiraka cha sindano ndogondogo kinachosoma maji yaliyo kati ya seli. Stripu, yaani kijikaratasi cha kupimia sukari, inataka damu mikrolita 0.6. Mnashaurije?

Msumeno: Wengi huiga wembamba wa mdomo wa mbu tu. Ndani ya ala yake mna sindano sita, na mbili kati yake, maksila, zina meno na hupokezana kuingia. Ala haiingii, hujikunja nje huku ikizishika zisipinde. Seiji Aoyagi wa Chuo Kikuu cha Kansai, Japani, ameiga mpango huo kwa sindano tatu: ya kati inanyonya, za pembeni zina meno. Ukisukuma bila mtetemo, ngozi inabonyea kwanza, na sindano ya silikoni inaweza kukatikia ndani.

Mtiririko: Sawa, lakini pigeni hesabu. Tundu la kipenyo cha mikromita 25, urefu milimita 2, mvuto wa kilopaskali 10, mnato wa damu milipaskali-sekunde 4: mnapata kama nanolita 12 kwa sekunde. Mikrolita 0.6 inachukua sekunde 50, na damu itaanza kuganda mle mle. Mate ya mbu huzuia kuganda. Sindano yenu haina, kwa hiyo pakeni heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Tundu likiwa mikromita 80, mtiririko unapanda zaidi ya mara 100.

Msumeno: Kwenye karatasi, Mtiririko. Tundu likipanuka, kizuizi kinahamia kwenye ngozi: kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, hazitoi damu kwa kasi hiyo. Pasheni joto mahali pa kudunga kwanza.

Fundi_Aloi: Cha mkononi kimeshajengwa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada. Toleo la mwaka 2017 linasukuma sindano kwa aloi inayokumbuka umbo: umeme unaipasha, inajivuta. Haina mota, ila inakula betri na inachelewa kupoa. Kasoro kubwa ni kina. Mkanda ukilegea kidogo tu, sindano haifiki kwenye damu. Weka kihisi cha mgandamizo chini ya mkanda, kifaa kikatae kudunga kabla haujakaza. Tena funika mfereji wa damu: tone dogo hukauka upesi na kipimo kinapanda.

Elektrodi: Kiraka hakihitaji tone, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini sukari ya maji hayo huchelewa nyuma ya ya damu kwa dakika 5 hadi 15, hasa inaposhuka kwa kasi. Ukikilalia, kinaonyesha sukari imeshuka wakati haijashuka. Na kama unapima haidrojeni peroksidi, kemikali inayozalishwa kimeng'enya cha kihisi kinapovunja sukari, bila utando wa kuchuja, parasetamoli inapandisha kipimo.

Kihisi_Kidogo: Basi naanza na cha mkononi, tundu 80, heparini, mgandamizo. Kigezo?

Elektrodi: ISO 15197:2013, kiwango cha kimataifa cha vipima sukari. Asilimia 95 ya vipimo visipotoke zaidi ya 0.83 mmol/L sukari ikiwa chini ya 5.55, na asilimia 15 kuanzia hapo. Jaribu pia damu yenye seli nyekundu chache. Stripu nyingi huzidisha hapo.