Defender 300Tdi: kushusha giaboksi na transfa nyumbani, pamoja, kimoja kimoja, au injini itoke mbele?

Mlalakuwa
Wakuu, gari ni Land Rover Defender 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, giaboksi R380, transfa LT230 (sanduku la gia nyuma ya giaboksi, linalogawa nguvu mbele na nyuma). Klachi haikati. Rivasi inakwaruza, gia ya kwanza inaingia kwa nguvu, na silinda ya chini ya klachi haivuji. Dalili zote zinaelekea kwenye foku (mkono unaosukuma beringi ya klachi) iliyotobolewa na kichwa cha nguzo ambayo foku inaiegemea, ugonjwa unaojulikana wa gari hizi. Kazi itafanyika uani, sakafu ya zege, watu wawili, jeki ya magurudumu ya tani 3. Kati ya njia tatu, ipi ina hatari ndogo?

Spana17
Kimoja kimoja mkuu. Transfa kwanza, giaboksi baadaye.

Sababu ni uzito, na hasa mahali uzito ulipo. LT230 imening'inia upande wa kulia, ndiyo maana na difu ya mbele iko kulia. Ukishusha vyote pamoja juu ya jeki ya kawaida, mzigo unataka kujilaza kulia muda wote. Ukikaza kamba upande mmoja, upande wa pili unalegea. Ukitenganisha, kila kipande mtu wawili mnakimudu.

Kabla ya spana yoyote, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Hendibreki ya Defender haishiki magurudumu. Ni dramu iliyofungwa nyuma ya transfa, inashika propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye difu. Ukitoa propela ya nyuma huna hendibreki tena, na gari likiwa kwenye mteremko kidogo tu litaondoka nawe uko chini yake. Hata kunyanyua gurudumu moja la nyuma bila kufunga difu ya katikati (iliyo ndani ya transfa) kunatosha kuliachia.

BoltiNati
Hapo kwenye magogo Spana17 kasema kweli tupu. Kwenye njia, mimi nasema pamoja.

Bolti za kuunganisha transfa na giaboksi ni kero zikiwa garini. Za juu huzioni, unazifikia kwa kupapasa. Ukishusha pamoja hugusi ile sehemu, na wakati wa kurudisha unapanga kitu kimoja badala ya viwili.

Tatizo la kuegemea kulia dawa yake ni sahani. Kata bati la chuma la milimita 6, litoboe lilingane na bolti za mfuniko wa chini wa transfa, ulichomelee mahali pa kukaa juu ya jeki. Kitabu cha kazi cha Land Rover chenyewe kinaelekeza kutengeneza sahani ya aina hiyo. Isipokuwepo sahani, simtetei mtu anayeshusha pamoja.

Kiwira_4x4
Kutoa injini mbele kunafaa pale injini yenyewe ina kazi. Utamwaga maji, utatoa rejeta, intakula (kipoza hewa ya tabo) na paneli ya mbele, na lazima uwe na kreni. Giaboksi ikibaki peke yake mbele haina kinachoishikilia, kwa hiyo iwekee stendi kabla injini haijaachia.

Watu hudhani sili ya nyuma ya krenki inalazimisha injini itoke. Hapana. Inafikika ukishatoa flaiwili na hausi yake, giaboksi ikiwa chini. Angalia tundu la chini ya belihauzi (ganda linalofunika klachi), lile la kufungwa plagi gari linapovuka maji mengi. Likidondosha oili nyeusi ya injini, agiza sili hiyo pamoja na vifaa vya klachi. Oili ya gia ikitoka hapo, sili ya shafti ya mbele ya giaboksi ndiyo imechoka.

Mlalakuwa
Tundu ni kavu. Basi injini inabaki. Ila kuna kishindo cha "tak" nikiachia na kukanyaga mafuta. Krosi za propela hazina mchezo.

Spana17
Hiyo inabadilisha hesabu. Fungua kifuniko cha duara nyuma ya transfa, pale ambapo pitio (PTO, kifaa cha kuchukulia nguvu ya kuendesha mashine nyingine) hufungwa. Utaona mwisho wa shafti kuu ya giaboksi na gia ya transfa inayoivaa. Ukikuta unga mwekundu kama kutu, meno yanalika kwa kukosa oili. Kuna gia ya kisasa iliyotobolewa matundu ili oili ifike kwenye meno hayo. Nunua hiyo, usirudishe ya zamani. Meno ya shafti yenyewe yakiwa yamechongoka, giaboksi lazima ifunguliwe, na gia mpya juu ya shafti iliyolika haitadumu.

Cheki pia viwango vya oili. Transfa ikizidi huku giaboksi ikipungua, sili iliyo kati yao inapitisha. Kwa vyovyote vile itabidi vitenganishwe, hoja ya kushusha pamoja inakufa.

BoltiNati
Nakubali, kama kuna unga mwekundu tenganisha. Ukinunua transfa ya mtumba badala ya kutengeneza, uliza imetoka gari gani. Uwiano wa gia wa Defender ni 1.4, wa Discovery ni 1.2. Zinafanana kwa macho, lakini ya Discovery itafanya gari lenye mzigo lilie mlimani.

Kiwira_4x4
Mpangilio wa kushusha:

Mwaga oili zote mbili. Toa viti, bati la katikati na mabati ya sakafu; bolti za juu za belihauzi utazifikia toka ndani. Ng'oa fimbo za gia. Propela zote, nati za spana 9/16, weka alama kwenye flenji. Kebo ya hendibreki, waya wa spidi, swichi za rivasi na difu loki, mipira ya kupumulia. Silinda ya klachi ifungue na uitundike bila kukata bomba lake, na mtu asikanyage pedali, pistoni itaruka.

Krosmemba ikigoma kutoka, laza jeki kati ya chasisi uisukume milimita chache tu. Toa kava ya feni mapema, maana injini ikiinama nyuma feni inaikata. Weka jeki ya pili na ubao chini ya sampu (bakuli la oili la injini).

Spana17
Kurudisha ndiko watu wanakoharibu. Kata vichwa vya bolti mbili za M10 ndefu, zifunge kwenye injini ziwe vijiti vya kuongozea. Giaboksi isiachwe hata dakika moja ining'inie kwa shafti yake ndani ya klachi. Inapinda kitovu cha pleti ya klachi, na unafunga kila kitu kumbe klachi bado haikati.

Ikikwama imebaki sentimita moja, usivute kwa bolti. Masikio ya belihauzi yanapasuka. Ingiza gia ya nne, transfa kwenye hai (gia ya kasi, si lo), difu loki ikiwa imefungwa, zungusha dramu ya hendibreki taratibu mpaka meno yakubali. Ikiwa transfa haijafungwa, zungusha krenki kwa spana.

Foku chukua iliyoongezewa chuma mgongoni. Badili na bushi ya shaba ya katikati ya flaiwili, ni bei ndogo: jaza grisi, piga kwa fimbo inayobana tunduni, inatoka yenyewe.

Kiwira_4x4
Oili: R380 inameza lita 2.67 za MTF 94, transfa lita 2.3 za EP90. Usiweke EP90 kwenye R380, asubuhi gia ya pili itakataa. Nati za propela 47 Nm. Kabla ya kurudisha sakafu, hakikisha kijiti cha silinda kimekaa kwenye foku na klachi inakata, injini ikiwaka.