Naomba ushauri: nyumba ya likizo Datça au milimani Kalkan, itapata wapangaji kweli?

MtuWaMatrah
Assalaam alaykum wakuu. Naishi Muscat, ndugu yangu yuko Ujerumani na mkewe ni Mturuki wa İzmir. Tumeamua kuchanga pesa tununue nyumba ya likizo Uturuki. Tukae wenyewe wiki mbili tatu kwa mwaka, siku zilizobaki ipangishwe. Mjini hatutaki. Zimebaki mbili.

Ya kwanza ni nyumba ya mawe kwenye rasi ya Datça, upande wa Palamutbükü. Ina milozi uani na bahari unaiona ukiwa jikoni, ila bwawa haina. Ya pili ni vila yenye bwawa İslamlar, kijiji cha mlimani juu ya Kalkan. Zote zinacheza kwenye euro 330,000. Shemeji ameshaipenda ya Datça, haambiliki. Dalali anasema yoyote tutakayochukua itarudisha asilimia 8 kwa mwaka bila wasiwasi. Hapo ndipo wasiwasi uliponianza. Nyumba ya mbali hivi mtu anaipimaje kama itapangishika?

Jirani wa Üsküdar
Waalaykum salaam mkuu. Kabla ya mandhari, uliza kibali. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa sheria namba 7464, nyumba inayopangishwa kwa watalii kwa siku 100 au pungufu lazima iwe na kibali cha Wizara ya Utamaduni na Utalii, na kibao chake kinabandikwa mlangoni. Kwenye ghorofa unatakiwa upate ridhaa ya wenye nyumba wote wa jengo, akikataa mmoja biashara imeisha. Nyinyi mna nafuu, nyumba inayojitegemea haina jirani wa kumbembeleza. Faini ya kupangisha bila kibali ilianzia lira 100,000 na ukirudia inapanda vibaya.

Kwa hiyo muulize dalali: mwenye nyumba wa sasa anacho? Akikujibu kitapatikana tu, muulize wapangaji anaojisifia alikuwa anawapokea kwa karatasi gani.

Halafu kila mgeni anayelala lazima taarifa zake zifike polisi au jandarma, askari wa vijijini. Wewe uko Muscat, nani ataifanya kazi hiyo saa sita usiku mgeni akishuka na masanduku?

PajeBoy
Pesa yote hiyo si mngejenga Paje tu jamani?

MtuWaMatrah
Kiwanja cha Paje kina kesi ya mirathi. Tusikifungue hapa.

Bi Nasra wa Köln
Niseme ya Kalkan, maana familia ya mume wangu hupanga vila upande ule kila wakipata nafasi. Uturuki kuna soko zima la vila ambazo bwawa halionekani kutoka nje, huziita muhafazakar. Wateja wake ni Waturuki wanaoshika dini, Waturuki wa huku Ujerumani na Uholanzi, na watu wa Ghuba. Kalkan na vijiji vyake, İslamlar na Üzümlü, ndiko zilikojaa. Familia hizi hazisumbuliwi na umbali wa pwani. Zinalipia stara.

Ila stara yenyewe uikague kwa macho yako. Tuliwahi kufikia vila iliyotangazwa hivyo. Ukuta mzuri pande tatu, upande wa nne mlima, na juu ya mlima baraza la vila nyingine, wanaume wamekaa na bilauri zao za chai wanatutazama. Mama mkwe alitundika mashuka kwenye kamba ya nguo ndipo wasichana wakaingia majini. Hatukurudi pale, na pesa ilikuwa nzuri. Kwa hiyo ukienda, achana na bahari kwanza. Ingia kwenye bwawa mpaka kiunoni, jizungushe taratibu ukitazama juu. Ukiona dirisha hata moja, hilo ni soko umelipoteza. Angalia pia viwanja vitupu vya upande wa juu, maana kesho vitajengwa.

Waingereza nao wanaipenda Kalkan tangu zamani, na hao wanakuja Mei mpaka Oktoba. Wao wanataka waweze kushuka mjini kula kwa miguu. Kutoka İslamlar haiwezekani, ni gari tu na barabara ina kona.

MwanaHesabu
Tuifanyie kazi hiyo asilimia 8. Ya 330,000 ni euro 26,400. Chukua vila, tuseme kwa mfano tu euro 1,800 kwa wiki. Zikijaa wiki 14 ni 25,200. Umeona? Asilimia 8 ya dalali ni mapato yote kabla hajalipwa mtu yeyote.

Sasa wakala wa kupokea wageni, mpe asilimia 20, yaani 5,040. Mtu wa bwawa na dawa zake, bustani, usafi na kufua mashuka kila mgeni akitoka, umeme wa viyoyozi mwezi wa nane, bima ya tetemeko ya DASK ambayo ni ya lazima, na bima ya moto ambayo nashauri msiikwepe (misitu ya Marmaris, njiani kwenda Datça, iliungua 2021 na ikaungua tena 2022). Weka 7,000 kwa yote. Mkononi 13,160, sawa na asilimia 4, kodi ya mapato bado. Na siku ya kununua kuna ushuru wa hati asilimia 4 ambao kwa kawaida mnunuzi anabebeshwa wote.

Swali: hizo wiki zenu mbili tatu mnazitaka lini? Kama ni Agosti, mmejipangisha wenyewe wiki za bei ya juu kabisa.

MtuWaMatrah
Agosti ndiyo likizo ya watoto wa ndugu yangu... Na Datça je? Si watu wanaipenda kwa utulivu?

Jirani wa Üsküdar
Wanaipenda, ila tazama ni nani. Kutoka uwanja wa ndege wa Dalaman mpaka Datça ni kama kilomita 165, na kipande cha Marmaris kwenda Datça ni kona juu ya kona. Palamutbükü ni mbele zaidi, karibu na magofu ya Knidos. Mgeni wa Ulaya mwenye siku saba na watoto wawili wanaotapika garini hafiki huko. Kuna feri ya Bodrum hadi Körmen, bandari ya Datça, ni msaada mzuri wakati wa kiangazi. Anayefika ni Mturuki wa Istanbul, Ankara au İzmir kwa gari lake. Huyo anafuata likizo za shule, katikati ya Juni mpaka Septemba mwanzoni. Tena mwaka 2017 mahakama iliizuia Booking.com kuwauzia walio ndani ya Uturuki vyumba vya ndani ya nchi, kwa hiyo soko hilo linapita kwa mawakala wa Kituruki. Huyo wakala umjue kabla ya kuijua nyumba.

Kingine, sikukuu. Iddi kubwa ilijaza pwani nzima ilipoangukia Juni na Julai, lakini inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2026 inaangukia mwishoni mwa Mei, na kila mwaka itazidi kuingia kwenye baridi. Ukioneshwa mapato ya 2022 au 2023, kumbuka wiki ya Iddi ilikuwa ndani yake.

Bi Nasra wa Köln
Na maji! Datça wakati wa kiangazi usiulize mandhari, uliza boza la maji linakuja kwa bei gani.

MtuWaMatrah
Dalali anasema majira ya baridi tumpe mpangaji wa miezi sita.

Jirani wa Üsküdar
Hapo simama. Mpangaji wa kawaida Uturuki analindwa sana. Muda wa mkataba ukiisha yeye anaweza kubaki, na wewe kumtoa bila sababu mpaka upite muda wa nyongeza wa miaka 10. Mpangaji wa Novemba anaweza kuwa bado yumo Julai, wakati wageni wako wameshalipia. Kama ni lazima, wakili aandike hati ya ahadi ya kuhama, isainiwe baada ya mtu kuhamia.

MtuWaMatrah
Nimemwomba dalali kalenda ya wageni ya miaka miwili na malipo ya benki. Kalenda ameleta, Julai na Agosti zote nyekundu, yaani zimejaa. Malipo anasema mwenye nyumba ni mtu wa fedha taslimu. Ya Datça, hati yake, tapu, imeandikwa tarla.

Jirani wa Üsküdar
Tarla ni shamba, mkuu. Nyumba haimo kwenye karatasi. Mwambie shemeji asilipe hata arubuni mpaka wakili aende manispaa kuuliza kama jengo lina iskân, kibali cha kukaliwa.

MtuWaMatrah
Shemeji kanuna. Anakwenda Novemba kuziona zote mbili.

MwanaHesabu
Novemba safi, mvua zitakuwa zimeanza. Avae viatu vya matope, na aulize gari la kunyonya maji taka linaingilia wapi.