Mrejesho: nimerekodi kikao cha baraza, ila si chote

Ndugu zangu, niliuliza kama mwananchi wa kawaida anaweza kupiga picha na kurekodi kikao cha baraza la kijiji huku Uingereza, maana katibu alidai lazima niombe kibali. Asanteni sana kwa majibu.

Nilimfuata aliyenielekeza kwenye kanuni za uwazi wa serikali za mitaa, zilizoanza kutumika Agosti 6, 2014. Ni za England tu, si Wales wala Scotland. Kibali hakihitajiki. Lakini aliyeshauri "mjulishe tu mapema, utengewe nafasi" ndiye aliyenifaa zaidi: nilichapa kanuni, nikampelekea katibu siku mbili kabla, na nilipofika nikakuta kiti mbele. Mwenyekiti alinung'unika kidogo, akasoma karatasi, kikao kikaendelea.

Nilipokwama ni kwenye ajenda ya zabuni. Wajumbe walipitisha azimio la kututoa wananchi, nami nikaiacha simu mezani ikirekodi. Katibu alinifuata nayo mlangoni, na kwa kweli alikuwa sahihi: kikao kikifungwa kihalali, huruhusiwi kuacha kifaa kikirekodi. Kabla ya hapo nilikuwa nimekatazwa kusimulia kwa sauti ya chini mjadala ukiendelea. Hilo nalo kanuni haziwalazimishi kuliruhusu. Kuandika ujumbe kimya kimya hakukuwa na tatizo.

Picha zimetoka vizuri. Sauti ni hafifu, simu ilikuwa mbali na wazungumzaji. Kikao kijacho nakwenda na maikrofoni. Mungu awabariki.