Tiketi moja na ajali moja kwenye rekodi: kampuni kubwa, kampuni ndogo, au nisubiri kwanza?

Mwendo_wa_Saa

Wakuu, habari za kazi. Niko Marekani, nina CDL daraja A (leseni ya malori makubwa), na natafuta kampuni mpya baada ya ile niliyoanzia kupunguza madereva. Rekodi yangu ina vitu viwili. Kwanza tiketi ya polisi ya mwendo kasi, maili 17 kwa saa juu ya kiwango, nikiwa kwenye lori. Imeshapita mwaka na kitu. Pili ajali: nimesimama kwenye taa, gari dogo likaingia nyuma ya trela, ikabidi livutwe. Ripoti ya polisi inasema mwenye kosa ni yeye.

Naona njia tatu:
a) kampuni kubwa, zile zinazochukua hata madereva wapya, malipo ya kawaida;
b) kampuni ndogo yenye malori machache, malipo mazuri zaidi, na mwenye nayo unaongea naye ana kwa ana;
c) niendeshe lori dogo lisilohitaji CDL mpaka tiketi itimize miaka mitatu.

Mngekuwa mimi mngeenda wapi?

Mzee_wa_Masafa

(c) ifute kabisa. Watu wameikariri hiyo miaka mitatu kama vile siku inapotimia rekodi inaoshwa. Kanuni ya shirikisho inamlazimu mwajiri aombe rekodi yako ya udereva ya miaka 3 iliyopita kutoka kila jimbo ulilokuwa na leseni. Hicho ni kima cha chini tu, hakuna anayemzuia kuangalia zaidi. Halafu ukikaa nje ya trela muda wote huo, utarudi tiketi imezeeka na uzoefu umezeeka pia. Wengi wanataka uzoefu wa karibuni, tena wa lori kubwa.

Binti_wa_Barabara

Namuunga mkono mzee. Kuhusu (a) na (b), wengi hudhani kampuni ndogo itakuonea huruma kwa sababu bosi anakujua kwa sura. Bosi anaweza kukupenda sana, lakini anayeamua ni kampuni yake ya bima. Jina lako linapelekwa huko, na wakisema hapana hana la kufanya, kwa kuwa malori yake yote yako chini ya bima hiyo hiyo. Wengine hawataki hata kusikia dereva asiye na uzoefu wa miaka miwili.

Kampuni kubwa nyingi zina vigezo vyao vilivyoandikwa: tiketi ngapi, ajali ngapi, ndani ya miaka mingapi. Hazibembelezeki, lakini unaweza kupiga simu ukasomewa vigezo kabla hujajaza chochote. Kwa tiketi moja iliyopita mwaka, nyingi zitakusikiliza.

Kona_Kali

Si aende tu shule ya trafiki tiketi ifutwe? Rafiki yangu alifanya hivyo, bima yake haikupanda.

Mzee_wa_Masafa

Rafiki yako ana CDL? Sheria ya shirikisho inayakataza majimbo kuficha hukumu ya trafiki ya mwenye CDL, hata kama kosa lilifanyika kwenye gari lake la nyumbani. Kupigania kesi kabla ya hukumu ni jambo lingine, hapo wakili anaweza kukusaidia. Ikishahukumiwa, inabaki.

Na wewe Mwendo_wa_Saa, umeipita tiketi hiyo kama kitu kidogo. Maili 15 kwa saa au zaidi juu ya kiwango ni kosa zito kwa mwenye CDL. Ukipata la pili la aina hiyo kwenye lori ndani ya miaka 3, unasimamishwa siku 60. La tatu, siku 120. Kushika simu mkononi, kubana gari la mbele, kubadili njia ovyo, yote yako kwenye kapu hilo. Ofisa wa usalama akiiona tiketi yako anajiuliza hivi: huyu akiteleza mara moja tu, lori langu litabaki bila dereva miezi miwili?

Fundi_Makaratasi

Nimefanya kazi ofisi ya usalama kwenye kampuni ya malori, niwaeleze kinachoonekana mezani, maana hapa watu wanachanganya karatasi.

Kuna MVR, yaani rekodi yako ya udereva, inatoka jimboni. Hiyo ina hukumu na hali ya leseni. Tiketi yako iko humo.

Kuna PSP, ripoti ya ajali na ukaguzi anayoiangalia mwajiri kabla ya kukuajiri, inatoka FMCSA, shirika la serikali kuu linalosimamia usalama wa malori. Hiyo haina hukumu. Ina ajali za miaka 5 na ukaguzi wa barabarani wa miaka 3. Madereva wengi haijawahi kuwapita machoni. Taa iliyokufa, tairi lililoisha, ukaguzi ambao ofisa alikuachia bila tiketi, vyote vimeandikwa humo. Na ajali inaingia bila kujali nani mwenye kosa: ikiwa mtu amekufa, au amejeruhiwa akapelekwa kutibiwa, au gari limevutwa, basi. Kwenye ajali yako gari lilivutwa, kwa hiyo tegemea kuikuta.

Hapo ndipo pa kufanyia kazi. FMCSA wana mpango wa kupitia ajali zisizoweza kuepukika, na kugongwa kwa nyuma ni mojawapo ya aina wanazokubali. Unapeleka ombi kupitia mfumo wao wa DataQs pamoja na ripoti ya polisi. Wakikubali, ajali haifutwi, ila inawekewa maelezo kwamba hukuweza kuizuia. Kwa anayesoma rekodi haraka haraka, maelezo hayo yana thamani kuliko dakika ishirini za wewe kujieleza kwenye simu.

Halafu kuna waajiri wako wa zamani. Kampuni mpya lazima iwaulize kuhusu usalama wako kwa miaka 3. Wakiandika uongo, una haki ya kuona walichoandika, kuomba kirekebishwe, au kuambatisha majibu yako.

PSP yako mwenyewe unaiagiza kwa dola 10. Iagize kabla hujapiga simu hata moja.

Kimya_Kimya

Kwa nini aitaje ajali wakati hakukosea? Mimi ningeandika tiketi tu, wakiuliza ndiyo nijibu.

Fundi_Makaratasi

Fomu inauliza ajali za miaka 3. Haiulizi nani alikosea. Umeiacha, wao wanaiona kwenye PSP, sasa wewe ni mtu aliyedanganya kwenye fomu. Nimeona madereva wenye rekodi chafu kuliko hii wakiajiriwa, na wenye rekodi safi kiasi wakikataliwa kwa sababu hiyo moja. Ajira nazo wanataka za miaka 10, msiruke ile kazi ya miezi miwili mliyoacha kwa ugomvi.

Binti_wa_Barabara

Na tushukuru suala ni tiketi. Angekuwa ameshindwa kipimo cha dawa za kulevya au pombe, kikaingia kwenye Clearinghouse (hifadhi ya shirikisho ya rekodi za vipimo hivyo), tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa. Tangu Novemba 2024, ukiwa na hadhi ya kuzuiwa humo jimbo linakunyang'anya CDL yenyewe mpaka umalize hatua za kurudi kazini.

Gurudumu_Langu

Mmesahau (d). Anunue lori lake, awe bosi mwenyewe, nani atamkagua?

Mzee_wa_Masafa

Bima, ndugu yangu. Mzigo wa kawaida kuvuka majimbo unataka bima ya dola 750,000 kwenda juu, na aliyeanza juzi akiwa na kosa zito kwenye rekodi atatajiwa bei ya kumtoa machozi. Akijiegesha chini ya kampuni nyingine na lori lake, atakaguliwa vile vile kama dereva mwingine.

Mwendo_wa_Saa

Nimewaelewa wakuu. PSP nimeshaiagiza, ajali imo kweli, na ombi la DataQs linaondoka wiki hii. Nitaanza na (a), lakini kuna kampuni ndogo moja inanivutia kwa njia zake. Hao niwaulize nini ili nisipoteze muda?

Fundi_Makaratasi

Swali moja: "Bima yenu imeshaniidhinisha kwa jina na namba ya leseni?" Usikubali "hakuna shida, njoo tu." Watu wanapewa tiketi ya basi, wanasafiri usiku kucha kwenda kuanza mafunzo ya kazi, siku ya pili wanaitwa pembeni kwamba bima imekataa, na basi la kurudi wanajilipia. Omba jibu hilo kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha. Wakikwepa, baki na ile kampuni kubwa.